Jumanne Hatuna Kanisa

Mama,

Haiti wanatupa sombe. Nilitaka wewe ndiye uwe wa kwanza kusikia. Wanang'oa muhogo, wanakwangua mizizi watengeneze mikate myembamba, halafu majani, sombe nzuri kabisa, wanawaachia mbuzi! Nilicheka peke yangu shambani mpaka wenzangu wa chuo wakadhani nimeumwa na mdudu. Nikasema moyoni, nikirudi Brooklyn Center, kwa hili Mama atacheka mpaka akae chini. Huu ni mwezi wa pili nimebaki na hadithi hiyo. Nilipomsimulia mdogo wangu Bahati, alinijibu neno moja la Kiingereza akarudi kwenye simu yake.

Hukutaka niende. Ulisimama jikoni na koti lako la kazini, ukaniambia, "Siye tulikimbia milima, we unapanda ndege kwenda kuitafuta!" Lakini karanga ulinifungia, na ukaniombea mlangoni mpaka dereva akapiga honi.

Tulikuwa wanafunzi tisa na mwalimu, na aliyejua Kifaransa ni mimi tu. Huku Marekani mimi ni yule msichana anayeombwa arudie alichosema. Kule hakuna aliyepiga hatua bila mimi. Tulikwenda kusini-magharibi, ambako wageni hawafiki. Barabara inaishia mtoni, unavuka na viatu mkononi, unaendelea. Nilikuwa na furaha, Mama. Inaniuma kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumanne, kwenye mji wa mwisho wenye mtandao, nilikupigia. Akapokea Bahati.

"Mama iko ku kanisa," akasema. "Atakupigia."

Jumanne hatuna kanisa. Jengo lenyewe tunaazima, na Jumanne ni zamu ya Wameksiko. Wewe mwenyewe ulikuwa hukomi kulalamika jinsi wanavyoacha viti. Na desturi yetu naijua: aliye safarini haambiwi habari mbaya, asije akaanguka njiani. Baba alipofariki kwenye kambi ya wakimbizi, nami niko kwa shangazi, niliambiwa amekwenda kuchukua mgao wa unga. Siku tatu nzima niliambiwa hivyo. Kwa hiyo nilijua. Nilijua pale pale, simu ikiwa bado sikioni. Sikuuliza swali la pili. Pikipiki zilikuwa zinangoja, mwalimu ananiita. Nikapanda mlimani, siku nne, ambako simu haishiki.

Kumbe ulianguka kazini Jumatatu. Kumbe siku mbili zile za kwanza ulikuwa bado unaongea. Hayo niliambiwa baada ya maziko. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa uliuliza, "Furaha amefika?" Ndugu wakakujibu kwamba niko njiani. Walikudanganya kama walivyonidanganya, kwa upendo ule ule. Tofauti ni kwamba wewe uliwaamini.

Ardhi ilikuwa imeganda, kaburi lako likachimbwa kwa mashine. Ndoo ulizopandia lengalenga, mchicha wetu, bado ziko nyuma ya nyumba, zimejaa theluji. Kwenye friza kuna mfuko mmoja wa sombe uliyoitwanga mwenyewe. Hakuna anayeupika, hakuna anayethubutu kuutoa. Bahati hanilaumu, nami simlaumu. Tunapishana jikoni tu. Chuo kimefunguliwa na mimi sijarudi.

Sasa sikia hili, maana ndilo lililonifanya nikuandikie. Bibi, mama yako, hajaambiwa. Wajomba wanasema ni mzee, moyo wake hautahimili. Wamenikabidhi mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa, nimwambie polepole. Jumapili alipiga kutoka kwetu Uvira, Kongo. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimekaa, nimeshika meza kwa mkono mmoja. Akauliza, "Mama yako iko wapi? Mbona hanipigie?"

Nikamwambia uko kanisani.

Akafurahi, Mama. Akasema Mungu akubariki, mtoto wake umekuwa mtu wa sala. Akaniambia ukirudi nikusalimie.

Basi, anakusalimu.

Kwaheri, mama yangu. Nakuahidi, Jumapili ijayo nitamwambia ukweli. Jumapili iliyopita, kabla simu haijalia, nilikuahidi hivyo hivyo.

Mwanao,
Furaha