Kanda ya Kokuberwa

Buguruni, 14 Juni

Mwanangu Loveness,

Marahaba. Mie mzima, ila goti linanisumbua, na maji ya mvua yameingia tena hadi uani.

Juzi kituo chetu cha televisheni kilituita sie wafanyakazi wa mwanzo, kimetimiza miaka ishirini na tano. Tulikumbushana tulivyoanzia kwenye chumba cha fundi cherehani kule Temeke, feni tumeizima isisikike hewani. Mama yako, Kokuberwa, ndiye aliyesoma taarifa ya kwanza, jasho linamtiririka na anatabasamu.

Ile kanda uliyoniomba, uisikie sauti yake, haipo. Miaka yote nakwambia naitafuta. Nilikudanganya, mwanangu. Kanda zilikuwa chache, tukirekodi juu ya zilezile. Hiyo niliifuta mwenyewe ili nirekodi mechi. Mama yako alikuwa pembeni yangu, ana mimba yako.

"Futa tu, Mwajabu," akasema. "Kwani kesho sisomi tena?"

Siku alipokuzaa akafariki, nilitoka hospitali nikaenda moja kwa moja stoo ya kituo. Nilizisikiliza kanda zote, moja baada ya nyingine. Zilikuwa na mpira mtupu.

Mama yako mdogo,
Mwajabu