Mkorosho Mmoja Usipuliziwe Salfa

Jumatatu, 14 Julai 2025
Imekubali! Milimita kumi na tisa. Nimepima lile duara mara nne, mpaka Hashiru wa maabara kasema nitaitoboa sahani kwa rula. Bakteria wa vidonda wamekufa kuzunguka tone langu — chembechembe za madini ya fedha, zilizotengenezwa kwa maji ya majani ya mkorosho. Miaka miwili napika rangi ya kahawia isiyoua kitu! Dk. Elinipa, msimamizi wangu, kasema niandike haraka, mwisho wa chuo kupokea tasnifu ni tarehe 31. Nimechoka hata kufurahi siwezi.

Jumatano, 16 Julai
Sahani ya kulinganishia. Maji ya majani matupu, bila fedha. Yameua nayo! Kumi na saba. Mwaka jana yalikuwa sifuri. Labda nimechanganya sahani. Narudia.

Alhamisi, 17 Julai
Kumi na saba.

Jumamosi, 19 Julai
Masaki ya shambani, siyo ile ya mjini. Bodaboda, vumbi mpaka kwenye meno. Mei nilimwomba mkulima mmoja, Mzee Castory, mkorosho mmoja tu wa kuchuma majani yangu, asiupulizie salfa, ule unga wa njano wa kuzuia ugonjwa. Nimemkuta anapalilia mihogo. Shikamoo. Marahaba mwanangu, dawa imekubali? Nikamuuliza kuhusu mti.

Akacheka. Eti maua yalianza kukauka, akaona aibu mti wa mgeni ufie mikononi mwake. Kaupulizia mara tatu, salfa yake mwenyewe, na usiku ule wa kwanza alilala vizuri.

Jamani! Basi huenda ni salfa iliyoua bakteria, siyo dawa yangu. Nilimwambia usipulizie, sikumwambia kwa nini. Nilidhani mkulima hahitaji kujua. Kumbe kosa ni langu, wala siyo lake. Ningemgombeza vipi? Nimesema ahsante, imekubali. Akamwita mkewe, Genoveva, aje asikie.

Jumapili, 20 Julai
Sijaenda misa. Nimekaa nyumbani Kibaha, kitandani, na daftari. Dk. Elinipa kaandika: matokeo mazuri, nitumie leo, kesho nayapeleka. Nimeandika "majani yana salfa", nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta.

Nikisema, mwaka umekwenda. Msimu huu nitapata wapi mkorosho usio na salfa? Nisiposema, hakuna atakayejua. Hashiru hajaiona ile kumi na saba. Naona aibu kwamba nimeshalifikiria hilo.

Simu inaita. Ni Dk. Elinipa. Imekata.

Inaita tena. Napokea. Nitamtajia kumi na saba kwanza, kabla hajanipongeza, maana akishanipongeza —