Gunia za Mahindi Mlangoni mwa Karavani

Phelista, nimetoka kwa Nakhungu saa hii.

Ile karavani kuukuu, nyumba ya magurudumu ambayo bwanake, Wangila, alinunua Kitale, mvua iliingia ukutani, bati likaachana na mbao. Leo Wangila ameingia ndani kupaka gundi, akatuambia tuegemeze gunia za mahindi kwa nje zikandamize bati mpaka lishike.

Gunia sita, Phelista. Tukazipanga mpaka tukaziba mlango. Hakuna aliyekumbuka mlango.

Nakhungu akaita, kimya. Na gundi ile inalewesha. Akavuta gunia akimwita bwanake, "Baba Khisa, ongea. Baba Khisa, ongea."

Tulimtoa ameregea kama nguo mbichi. Akafungua macho.

"Nani ametoa gunia? Gundi haijashika."

Nakhungu amekaa mlangoni mwa karavani, na amekataa kuinuka.