Sifa za Kusoma Fizikia Ziko Kurasa Mbili

Jumatano, Julai. Kusi linavuma tangu alfajiri na mpunga wote umelalia upande mmoja. Mgongo unauma, vidole vimechanika, lakini leo niko mwepesi.

Niko Maparoni, huku visiwani, wiki ya tano sasa, navuna mpunga wa watu. Kwetu ni Umatumbi, milimani. Kufika huko ni boti, kisha gari mpaka Kibiti, kisha Nyamwage, unashuka mbele ya hapo, unapanda pikipiki. Mwenye shamba hili ni Bi Somoe, mjane wa Kindengereko, mwenye mdomo mkali kuliko mundu alionipa.

Nina jambo la kukiri hapa, kwa nyinyi wachache mnaopita kusoma. Siku nne hizi nimeishi kama mtu aliyevunja chungu cha mwenziwe akanyamaza.

Mdogo wangu Zuhura amemaliza kidato cha sita. Matokeo yametoka, amefaulu. Anataka kwenda chuo kikuu kusoma fizikia. Si udaktari, si ualimu, fizikia yenyewe. Mimi niliishia kidato cha pili, ila tangu baba afariki neno langu ndilo la mwisho nyumbani. Basi alipomaliza kidato cha nne nilimwambia achukue fizikia, kemia na baiolojia, hisabati ya juu aachane nayo. Nilisema itamtesa.

Ukweli ni kwamba ilinitesa mimi.

Fizikia ameipenda tangu mdogo. Bibi alikuwa akitusimulia vita vya Maji Maji, jinsi babu yake alivyokunywa dawa na kunyunyiziwa maji, akaenda kuwakabili Wajerumani akiamini risasi zitageuka maji. Sisi wengine tuliuliza habari za mganga na habari za mashamba ya pamba. Zuhura aliuliza risasi inakwenda kasi gani. Bibi alicheka, halafu akasema hakuna aliyerudi kumwambia. Mimi nikamkemea mtoto, nikasema hayo si maswali ya kumuuliza mtu mzima.

Jumamosi, jamaa yangu wa Kibiti alinitumia picha ya ukurasa wa mwongozo wa chuo, pale penye sifa za kujiunga na shahada ya kwanza ya fizikia. Huku simu haishiki mpaka upande dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo anachokaa Bi Somoe kufukuza ndege. Nikapanda, nikasoma. Ufaulu wa kidato cha sita katika fizikia na hisabati ya juu. Nikarudia mara tatu. Zuhura hana hisabati ya juu, na hana kwa sababu yangu.

Nikampigia pale pale. Nikamwambia sifa huna, omba uuguzi. Kosa langu sikulitaja. Nilisema ndivyo chuo kinavyotaka.

Akajibu, "Sawa, kaka."

Basi. Hakulia, hakuuliza. Angelia ningelala.

Leo asubuhi Bi Somoe alipita nyuma yangu akiokota masuke niliyoyaruka, akaniuliza kama mpunga wake ni sadaka. Nikamweleza yote. Sijui kwa nini, pengine ni uchovu. Akauliza huo mwongozo una kurasa ngapi. Nikasema sijui, mimi nilitumiwa mmoja.

"Mmatumbi wewe," akasema, "siku ya kwanza ulivuna mpaka mferejini ukaniambia shamba limekwisha. Nikakuonyesha ng'ambo. Na huko chuoni nako hujavuka mfereji. Panda dungu, piga simu."

Namba ya ofisi ilikuwa chini ya ile picha. Mama aliyepokea alinisomea ukurasa unaofuata polepole, kama anamsomea mtoto, na sikuona vibaya. Asiye na hisabati ya juu anapokelewa akiwa amefaulu fizikia pamoja na kemia, mradi awe amefaulu pia ile hisabati ndogo wanayosoma pembeni wanafunzi wa masomo kama ya Zuhura. Mwaka wa kwanza atasomeshwa hisabati ya ziada, na asipoifaulu hataendelea. Maombi yanafungwa Ijumaa.

Hisabati ndogo Zuhura anayo. Tena aliifaulu vizuri. Nakumbuka nilimcheka, nikamwambia anajichosha bure na somo la pembeni.

Nilikaa kwenye sakafu ya dungu, miguu inaning'inia, nikavuta pumzi kama mtu aliyetoka kuzama. Halafu nikampigia. Nikamwambia kuna ukurasa wa pili, nenda leo hii kwa mwalimu wako, Ijumaa mlango unafungwa.

Akajibu:

"Kaka, mimi nilishaomba tangu Jumapili."

Kumbe baada ya simu yangu alikwenda kwa mwalimu wake wa fizikia. Wakasoma kurasa zote mbili, wakajaza, wakatuma. Mimi huku nilikuwa naruka masuke ya watu kwa majonzi.

Neno likanitoka kwa mazoea. "Nani alikuruhusu?"

"Hakuna," akasema. "Nilisema sawa kwa sababu sauti yako ilikuwa imechoka. Sikutaka kubishana nawe uko mbali peke yako."

Nilitafuta hasira, nikaikosa. Badala yake nikamwambia lile nililolificha, kwamba hisabati nilimkataza kwa woga wangu mwenyewe. Akasema alijua siku ile ile nilipomkataza. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Majibu ya chuo bado. Wanaweza kumkataa kwa jingine, na akikubaliwa, hiyo hisabati ya ziada inamsubiri. Lakini halitakuwa kosa la ulimi wangu. Nimejiwekea nadhiri kwamba akija tena na swali la masomo nitasema sijui, twende tukaulize wanaojua. Nimelijaribu neno hilo kwa sauti huku juu. Halikuniua.

Miaka yote hii nimetaka nyumbani wanisikilize. Leo namshukuru Mungu kwamba mmoja wao hakunisikiliza.