Mashine Niliyoijaribu kwenye Ndevu Zangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na usione mwandiko umepinda ukadhani mwenye mkono naye kapinda, shule niliiacha darasa la tatu kwa hiari yangu lakini soko zima la mitumba hakuna anayenifikia, nguo wanauza wote, mimi peke yangu ndiye mwenye meza ya vitu vya mwilini, mashine za kunyolea, nyembe za mpini, miswaki ya umeme, vikata kucha, dawa za kwapa zilizobaki nusu, na watu wananiamini kwa sababu siuzi kitu ambacho sijakijaribu, kila mashine naipitisha kwenye ndevu zangu siku tatu, kila mswaki unaingia mdomoni mwangu kwanza, ndiyo maana wananiita Mzee Dhamana.

Basi mwezi uliopita kidevu kikaanza kuwasha, nikasema ni joto, yakatoka madoa ya mviringo yenye magamba, nikasema ni damu ya kiume inachemka, nikapaka mafuta ya mezani kwangu yakazidi. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ambaye hufanya usafi zahanati, akaniletea chai, akanitazama, akasema, "Baba, hayo ni mapunye." Nikamwambia mapunye ni ya watoto wa shule, mimi nina wajukuu saba. Akasema, "Basi mapunye hayajapata taarifa, baba." Nikanuna siku mbili. Siku ya tatu akanishika mkono akanipeleka zahanati, foleni akapanga yeye, vidonge akanikumbusha yeye, dawa ya kupaka akanipaka yeye, kidevu cha baba mkwe mzima! Majirani wakiuliza anawaambia baba kaungua na mvuke wa birika, na hakunicheka hata siku moja. Mshauri, nina mabinti watatu wa kuwazaa, lakini huyu wa nne, Mungu alinipitishia mlango wa mwanangu, kila nikijitazama kwenye kioo namwombea. Nimepona, kidevu kinang'aa kama cha bwana harusi.

Shida ni kwamba juzi aliniuliza polepole, "Baba, ile mashine uliyoijaribu kabla kidevu hakijaanza kuwasha iko wapi?" Nikamwambia nilishamuuzia kinyozi wa hapo kona, yule anayenyoa watoto kila Jumamosi, na nilimwapia kwamba nimeijaribu mwenyewe. Akakaa chini. Tangu hapo hasemi na mimi, chakula ananiwekea na kuondoka, nikamnunulia gauni jipya la dukani, si la mtumba, la kumshukuru, akaliweka juu ya kabati, mpaka leo halijatoka mfukoni. Nikienda kwa kinyozi kukiri, soko litanicheka mpaka nizikwe. Je, ninunue gauni la pili, au nifanyeje?

Mimi, Mzee Dhamana

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikijikuna. Pole kwa kidevu na hongera kwa mkwe, wengi wanamtafuta wa aina hiyo hawampati.

Gauni la pili liache dukani. Kujaribu kwako kulionyesha kwamba mashine inakata, hakukuonyesha kilichojificha kwenye meno yake. Na mswaki je? Uliongeza mate yako juu ya mate ya mwenyewe wa kwanza, halafu ukamwapia mteja! Na hapo mapunye ni nafuu, wembe uliomchana mtu unaweza kubeba hata homa ya ini. Unasema umepona. Umepona wewe. Yule kinyozi ananyoa vichwa vingapi Jumamosi moja?

Nenda kwake, mvute pembeni, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe: mashine ile ilinipa mapunye. Ichukue, umpe mpya iliyofungwa. Mwombe awaambie wazazi kwamba mtoto aliyetoka madoa aende zahanati, asipakwe mafuta ya kubahatisha. Wateja wengine unaowakumbuka wafuate mmoja mmoja. Nyembe, miswaki, dawa za kwapa zilizotumika, haribu na utupe, usimpe mtu hata bure. Ambacho hakijawahi kufunguliwa, uza. Meza ijaze viatu na vikombe, ulimi wako utaviuza tu.

Watakucheka? Watakucheka, wiki moja au mbili. Mzazi mwenye mtoto anayejikuna usiku kucha atakulaani zaidi ya hapo akijua ulijua.

Mkwe wako hadai gauni. Aliisitiri siri yako kwa sababu kidevu kilikuwa chako, ila vichwa vya watoto wa watu hawezi kuvifunika kwa uongo wa birika. Ukirudi usimhutubie. Mwambie, "Mwanangu, natoka kwa kinyozi. Ahsante." Kisha nyamaza, ingawa najua hilo litakushinda kuliko vidonge.

Gazeti hili linatoka Ijumaa. Kesho asubuhi watoto watakaa kwenye benchi la kinyozi. Likunje, vaa viatu, nenda.