Matembe Wangu na Yai Lisilo na Ganda

Jumatatu, 4 Machi

Yai la kwanza! Nimelikuta kwenye majani makavu wakati nafagia banda. Nikapiga kigelegele kabla hata sijaligusa — aibu yangu. Lilikuwa tepetepe. Ganda hakuna, ngozi tu. Nimelibonyeza kwa kidole gumba, likabonyea, halikurudi.

Kuku watano, wote matembe, ndiyo kwanza wanaanza kutaga. Mzee wangu kacheka mpaka kakohoa. Eti mke wangu, kuku wako wana adabu, wanakumenyea kabisa.

Nimecheka naye. Ila moyo umenishuka, na sababu siwezi kumwambia. Naiweka hapa. Siku mkwe wetu alipomleta binti yetu apumzike kitandani hapa kwetu, kama daktari alivyoagiza — mimba ya tatu hii, mbili zimetoka, sasa ana miezi mitano — nilipiga magoti nikamwomba Mungu ishara. Nikasema, Baba, matembe hawa wakitaga salama, nami nitajua mwanangu atajifungua salama.

Nani alinituma!

Jumatano, 6 Machi

Mawili leo. Yote laini. Moja limedondoka kutoka kwenye kichanja likapasuka, wenzake wakalirukia. Wamelila! Nimewatimua kwa ufagio huku nalia.

Nilitaka kumficha binti, lakini dirisha lake linatazama bandani moja kwa moja. Mama, mbona unawapiga? Nikamwambia walikuwa wanapigana. Uongo wa tatu huu tangu Jumapili. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwita bibi mifugo. Kaja na buti zake za mpira, kabonyeza yai, kachungulia gunia. Kumbe bado nawapa chakula cha kukuzia, na wao wameshakuwa mama! Nibadilishe, niwape cha kutagia. Pia niwawekee chokaa ya kuku kwenye chombo chake peke yake, kila mmoja atadonoa kadiri anavyohitaji. Mwili ukikosa chokaa, kasema, ganda halikamiliki, kitu kinatoka kabla hakijakomaa. Halafu: wape muda, mama, bado wachanga hao.

Tulikuwa tumesimama chini ya dirisha la binti. Ndiyo kwanza nimelikumbuka hilo sasa hivi.

Chokaa nimenunua kopo zima. Nimeliweka rafuni, pale kwenye mlango wa jikoni, ukitoka chooni.

Jumamosi, 9 Machi

Matatu. Laini, laini, laini.

Jirani yangu fundi cherehani kachungulia juu ya ukuta. Shoga, chinja hao, wana mkosi. Nikamwambia mkosi unao wewe na cherehani lako linalotafuna uzi. Tukacheka sana. Kisha kashusha sauti: na mgonjwa wetu? Nikasema anaendelea vizuri. Karudi ndani, nikasikia cherehani linaanza tena.

Jambo moja la kunipa moyo: kopo limeshuka karibu nusu. Basi wanakula! Mimi nawawekea kijiko kimoja asubuhi, mzee naye labda anawaongezea bila kusema. Ndivyo alivyo.

Jumatatu, 11 Machi

Mzee kasema hajaligusa hilo kopo. Kasema panya. Panya gani anakula chokaa na kufunika kifuniko?

Mayai bado vilevile. Nimejaribu kumwomba Mungu aifute ile ishara, tuseme sikuiomba. Nikaona haya, kama mtu anayerudisha gauni dukani ameshalivaa harusini. Nimesali rozari nzima bila kujua nimefika wapi.

Jumanne, 12 Machi

Nimempata panya.

Niliingia na uji bila kubisha. Binti kaketi kitandani, midomo myeupe, kijiko mkononi. Kwanza nilidhani ni ile hamu ya udongo, wajawazito wengi wanayo, nikataka hata kumtania. Nikaona vumbi kwenye shuka. Nikaijua ile chokaa.

Nikamuuliza, mwanangu, hiyo ni ya kuku! Unakula ya nini?

Hakulia. Kaniambia: mama, nilimsikia yule bibi. Mwili ukikosa chokaa, kitu kinatoka kabla hakijakomaa. Wawili wamenitoka. Nikasema labda na mimi ni hilo tu. Labda hakuna aliyenipima hilo.

Nikaketi kitandani, nikamfuta midomo kwa kanga, kama alipokuwa mdogo. Ningesemaje? Mimi niliyemfunga kwa kuku watano mbele ya Mungu, nimkaripie yeye kwa kijiko?

Kaniomba nisimwambie baba yake, wala daktari. Watanicheka, mama. Nimekubali. Kopo nimelifukia nyuma ya banda.

Alhamisi, 14 Machi

Tumbo limemshika binti tangu saa moja asubuhi. Linakuja, linaachia. Mzee amekwenda kutafuta gari. Nimemwambia kila kitu mlangoni — chokaa, kopo, siku ngapi. Kavaa viatu bila soksi.

Fundi cherehani yuko naye ndani, anamkanda mgongo. Mimi binti kanitoa. Mama, toka, ukinitazama hivyo ndiyo naogopa zaidi. Basi nimekaa kwenye ndoo nje ya banda, naandika ili nisirudi ndani. Baba, usihesabu nilichosema. Nilikuwa na hofu. Muulize hata mzee, mimi nikiwa na hofu nasema ovyo.

Kuku mmoja anatetea. Amepiga kelele, ameruka, ameshuka. Yai liko kwenye majani. La rangi ya kahawia. Kwa hapa nilipo linaonekana zima, linang'aa hata.

Ndani binti ameita tena. Gari bado.

Liko hatua mbili tu kutoka nilipo. Sijaligusa.