Jogoo Hakuwa Anacheza

Baba watoto,

Ulikuwa umelala fofofo, sikutaka kukuamsha. Jogoo wako amekufa. Nimemfunga kwenye mifuko miwili, nimempeleka kwa daktari wa mifugo.

Banda usilifungue hata kuku wakikupigia kelele, pumba na maji wanavyo. Viatu vya bandani visitoke uani. Jirani asipewe yai wala kuku.

Jana jogoo alipopinda shingo na kuzunguka, uliwaita watoto, ukampigia makofi: “Mcheza dansi!” Nami nikacheka. Leo nimemweleza daktari kwa simu ile shingo, kuhema kwake na mavi ya kijani. Anahisi ni mdondo, ila hasemi kwa uhakika mpaka apime mzoga. Ugonjwa huo hauna dawa, na huambukiza hata kwa viatu. Basi kumbe hakuwa anacheza, maskini.

~~Sweta lako lichome moto.~~ Sweta lako liloweke kwenye maji ya moto na sabuni. Ndiyo, nimeliona. Nimemkuta amefunikwa nalo vizuri, mpaka shingoni. Wewe unayejitia moyo wa jiwe, kila siku “kuku ni kitoweo tu”!

Kitinda mimba wetu usimdanganye kwamba jogoo ameuzwa. Mwambie ukweli, umpakate.

Maharage yameiva, yaunge mwenyewe. Vitunguu vimeisha, kwa hiyo ukitokwa na machozi tafuta kisingizio kingine.

Mama watoto